Mjomba hayumo kwa Freud: makosa manne katika kusoma saikolojia changanuzi na wakosoaji wake wa kifeministi

Anayesoma fasihi au saikolojia Mtwara na Lindi mara nyingi hupewa Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha saikolojia changanuzi (uchunguzi wa mawazo na tamaa zilizofichika nafsini), kwa muhtasari: ndoto, wivu wa uume (dai kwamba msichana huumia kwa kukosa uume), fundo la Oedipus (tamaa ya mvulana kwa mama na uhasama wake kwa baba), na mwishoni sentensi moja kwamba wafeministi walimkataa. Muhtasari huo unapotosha, na unamnyima msomaji wa kusini swali ambalo angeweza kulijibu vizuri kuliko wengi.

Dhana: Wafeministi walimtupa Freud.

Wapo waliomshambulia moja kwa moja, kama Kate Millett mwaka 1970. Simone de Beauvoir, mwaka 1949, alionyesha kuwa Freud alimfanya mwanamume kuwa kipimo, kisha akampima mwanamke kwa kile asichokuwa nacho. Lakini Karen Horney, aliyempinga tangu miaka ya 1920, alikuwa mchanganuzi, yaani mtaalamu wa saikolojia changanuzi, wa Berlin na alitumia zana zilezile: aliuliza kwa nini wivu wa wanaume juu ya uwezo wa kubeba mimba haupewi uzito. Juliet Mitchell, mwaka 1974, alikwenda mbali zaidi na kumtetea. Kwake, Freud anaeleza jinsi mfumo dume unavyojijenga ndani ya nafsi. Hasemi kwamba inapaswa kuwa hivyo. Insha inayosema “wafeministi wanampinga Freud” bila kutaja nani na kwa hoja ipi bado haijasema kitu.

Dhana: Freud ndiye aliyeanzisha fundo la Electra, yaani tamaa ya msichana kwa baba na uhasama wake kwa mama.

Ni Jung, aliyekuwa mfuasi wake, mwaka 1913. Freud alilikataa jina hilo kwa sababu hakuona kwamba njia ya msichana ni ya mvulana iliyogeuzwa tu.

Dhana: Mchanganuzi hufasiri ndoto kwa orodha ya alama, nyoka ni hiki, maji ni kile.

Freud alikubali kuwa zipo alama zinazojirudia, ila alizifanya msaada tu. Utaratibu wenyewe ni huu: mtu asimulie ndoto yake, igawanywe vipande, kwa kila kipande aseme lolote linalomjia bila kuchuja, hata la aibu, yatafutwe mabaki ya siku iliyotangulia yaliyoingia ndotoni, ndipo maana ijadiliwe. Kosa hutokea mchanganuzi anapotanguliza jibu lake.

Freud mwenyewe alilifanya, kwa Ida Bauer, aliyempa jina la Dora. Binti huyo wa miaka 18 aliletwa na baba yake mwaka 1900, akiwa amekwisha kumkataa rafiki wa familia, mtu mzima mwenye mke, aliyemtongoza na hata kumbusu kwa nguvu. Freud aliona chukizo la binti kuwa dalili ya ugonjwa, akashikilia kwamba moyoni binti alimpenda mtu huyo. Baada ya wiki 11 Dora aliacha matibabu. Wakosoaji wa kifeministi wamelirudia tukio hili kwa haki kabisa: hapana ya msichana iligeuzwa kuwa ndiyo iliyojificha. Kila anayesema binti “anaona haya tu” anafanya kosa hilohilo, na kwa binti ni hatari.

Dhana: Baba wa Freud ni baba wa kila mahali.

Hapa ndipo kusini panapohusika. Katika fundo la Oedipus mtu mmoja analala na mama, anakataza, anaadhibu na anarithisha. Kwa desturi za Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na kazi hizo hugawanyika kati ya baba na mjomba.

Malinowski, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti visiwa vya Trobriand, karibu na Guinea Mpya, kati ya 1915 na 1918, alikuta mgawanyo wa aina hiyo. Alidai kuwa uhasama wa mvulana humwendea mjomba, na tamaa inayokandamizwa humhusu dada, si mama. Ernest Jones, mchanganuzi na mfuasi wa Freud, akajibu kwamba mfumo huo wenyewe ni njia ya kuhamisha chuki kutoka kwa baba. Jibu la Jones lina udhaifu mkubwa: kila ushahidi dhidi ya Freud hugeuzwa kuwa ushahidi wa Freud.

Kwa hiyo, ukichambua riwaya au familia ya Newala au Nachingwea, usianze na baba. Orodhesha kwanza: nani anakataza, nani anaadhibu, nani anatoa mali, nani anaamua ndoa? Angalia pia mabadiliko. Uislamu, Ukristo, shule na mashamba ya mikorosho, ambayo baba huyapanda na kutaka yabaki kwa wanawe, vimempa baba nafasi kubwa zaidi katika familia nyingi.

Usichanganye pia ukoo wa mama na utawala wa mama. Mara nyingi mwenye sauti ni kaka wa mama. Malinowski na Jones walibishana zaidi juu ya mvulana. Msichana alibaki pembeni, jambo ambalo wafeministi wamelilalamikia tangu Horney. Binti wa ukoo wa namna hii anajua kuwa bila yeye ukoo unakatika, na anajua pia kuwa kaka yake ndiye atakayesikilizwa juu ya watoto wake. Nadharia ya Freud ya upungufu, inayompima mwanamke kwa kile asichokuwa nacho, haimwelezi, kwa kuwa anachokosa ni kauli, na kauli hiyo imeshikwa na mtu anayemfahamu kwa jina.