Acha majani kwanza, nionyeshe shina

Picha ninazotumiwa karibu zote ni za majani. Majani yaliyotobolewa mpaka yanafanana na chujio, majani yaliyobaki mishipa mitupu, kiwavi mwenye manyoya aliyewekwa kiganjani ili nimwone vizuri. Chini yake ujumbe ni uleule: mti unakufa, nipulize dawa gani? Nami hujibu kwa ombi linalowaudhi wengi. Nipigie picha ya shina, kuanzia ardhini hadi mkono wako unapofika.

Si kwamba nawadharau viwavi. Ila katika kazi hii ya wadudu wa miti nimeona miti michache mno ya majani mapana iliyouawa na walaji wa majani peke yao. Iliyouawa na wadudu ambao mwenye mti hakuwahi kuwatia machoni nimeshindwa kuihesabu.

Jani ni kitu ambacho mti umezoea kukipoteza. Mti wenye afya huweka akiba ya wanga mizizini na ndani ya mbao. Ukinyolewa majani yote mwanzoni mwa msimu, huchota akiba hiyo na baada ya wiki chache huchipua tena. Mwaka huo hautanenepa, basi. Ukinyolewa mwaka wa pili na wa tatu, na katikati ukaingia ukame, hapo ndipo akiba inapokauka. Misonobari na jamaa zake hawana ustahimilivu huo, maana sehemu kubwa ya akiba yao imo kwenye majani yenyewe. Kunyolewa kabisa mara moja tu kunaweza kuwa ndio mwisho.

Nondo anayeitwa kitaalamu Lymantria dispar ni mfano mzuri. Mnamo mwaka 1869 hivi Étienne Trouvelot, Mfaransa aliyekuwa akiishi Medford, Massachusetts, Marekani, alimleta kutoka Ulaya kwa sababu alitaka kufanya majaribio ya hariri. Baadhi wakamtoroka. Miaka 20 baadaye viwavi walikuwa wakitambaa kwenye kuta za nyumba za mji huo, na hadi leo uzao wao hunyoa misitu ya mialoni huko. Mandhari inatisha kweli. Lakini mialoni mingi iliyonyolewa mwaka huu utaikuta hai mwakani.

Sasa njoo kwenye gome. Chini ya ganda gumu la nje kuna utando laini, wenye unyevu, wa unene wa milimita chache tu. Humo ndimo sukari iliyopikwa na majani hupita kushuka mizizini, na ndani yake kuna kambiamu, tabaka linalozaa mbao mpya kwa ndani na gome jipya kwa nje. Ukikata utando huo kulizunguka shina lote, mizizi itakufa njaa. Maji hata hivyo hupandia kwenye mbao, ndani zaidi, kwa hiyo majani yanaweza kubaki ya kijani kwa miezi huku mti umeshahukumiwa. Ndiyo maana siyaamini majani.

Mwaka 2002, karibu na Detroit huko Michigan, alitambuliwa mbawakawa wa kijani kinachometameta, hafiki hata sentimita moja na nusu, mwenyeji wa Asia. Anaitwa Agrilus planipennis. Mbawakawa mzima hudokoa majani ya mti wa eshi (ash kwa Kiingereza) kwa adabu tu, hakuna atakayelalamika. Kazi yote hufanywa na funza wake, anayechimba njia za kupindapinda chini ya gome mpaka zinakutana. Waliosoma pete za mbao, zile zinazoonyesha umri wa mti, walibaini kwamba alikuwapo tangu miaka ya 1990, anaua kimyakimya. Tangu hapo miti ya eshi iliyokufa Amerika Kaskazini inahesabiwa kwa makumi ya mamilioni.

Bungua wa misonobari wana mbinu nyingine, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu hawa ndio walionifanya nichague fani hii. Dendroctonus ponderosae ni mdogo kama punje ya mchele. Jike hutoboa gome, na mti hujibu kwa kumsukuma nje kwa utomvu wenye kunata. Akiwa peke yake huzama na kufa. Basi haji peke yake: akishaingia hutoa feromoni, harufu ya kuwaita wenzake, na ndani ya siku chache mamia wanatoboa mti mmoja mpaka utomvu unaishiwa nguvu. Wanabeba pia kuvu zinazozitia mbao rangi ya buluu na kuziba mirija ya maji. Wakishatosha, hubadilisha harufu kuwaambia wanaochelewa kwamba pamejaa, nendeni mti wa jirani.

Katika jimbo la British Columbia, Kanada, mlipuko ulioanza miaka ya 1990 uligusa zaidi ya hekta milioni 18. Huko baridi kali, karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, ndiyo iliyokuwa ikiwapunguza funza. Majira ya baridi yalipolegea, wakasalia wengi.

Vipeperushi vingi hudai kwamba mti wenye afya haushambuliwi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kwa bungua wenyeji, ndiyo: mti wenye maji ya kutosha una utomvu wa kupigania. Kwa mgeni aliyevuka bahari, mti haujawahi kukutana naye na hauna silaha dhidi yake, hata ukiumwagilia kila siku.

Wafyonzaji utomvu nawapitia haraka, maana vidukari wengi ni kero tu: sukari inadondoka, kuvu nyeusi kama masizi zinaota juu yake, watu wanapiga kelele. Ila kuna kidukari wa saipresi aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, na huyo aliua miti mizima. Aliyesaidia kumpunguza ni nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, ambaye hutaga yai ndani ya kidukari.

Mimi mwenyewe niliwahi kudanganywa na vidukari. Niliitwa kuona mti wa kivuli uliokuwa umepungua majani kileleni, nikawakuta wamejaa, nikaagiza maji ya sabuni na kuondoka nikijisifu. Niliporudi baada ya miezi sita, gome lilibanduka mkononi mwangu kama karatasi iliyolowa. Tangu siku hiyo naanzia chini.

Unapoanzia chini, angalia matundu. La mviringo kamili, dogo kama la sindano nene, mara nyingi ni la bungua wa gome au wa mbao. Lenye upande mmoja bapa, kama nusu mwezi, ni la jamaa za Agrilus, kwa sababu miili yao ni bapa upande mmoja. Pekua unga wa mbao kwenye mikunjo ya gome na kuzunguka shina ardhini. Unga mpya maana yake kuna mtu kazini. Tazama madonge ya utomvu, kilele kinachokauka, machipukizi yanayojitokeza ghafla shinani. Kigong'ota akirudi kwenye mti uleule kila asubuhi, mwamini kuliko mimi. Halafu kwangua tawi kwa ukucha: kijani kibichi ni uhai, kahawia ni mauti.

Dawa ya kupuliza haimfikii aliyekwisha kuingia. Dawa ya kudungwa shinani husafiri na maji ya mti, hivyo hufaa mapema, njia zikiwa bado wazi. Kilele kikiwa kimekauka nusu, unachodunga ni fedha zako. Mti huo ukate, ukiweza usage vipande vidogo au umenye gome na kulichoma. Matundu unayoyaona ni ya waliotoka, na gomeni huenda bado wamo ambao zamu yao haijafika. Kwa sababu hiyo mbao za kufungia mizigo ya meli kwa kawaida hupashwa joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, na mihuri yake ina alama ya suke la ngano. Kuni hazipigwi muhuri wowote. Zichome palepale zilipokatwa, usizipakie kwenye gari.