Kaji ya paka (kizimba cha kumbebea): uchague gani na uitumie namna gani hapa Goma

Watu wanatuletea paka kwa kila namna: kwenye gunia lenye kufungwa kamba, kwenye kartoni ya biskuti, ndani ya koti kifuani, wengine wanamkumbatia tu juu ya moto (pikipiki) toka mtaa wa Ndosho mpaka kwetu na motari anapiga honi njia nzima. Mimi ni veterineri, na paka mwenye kufika hivyo ni shida kumpima hata kama nyumbani ni mpole. Moyo unapiga mbio, joto linapanda (kawaida ya paka ni kama 38 mpaka 39,2), na hata sukari ya damu inapanda ju ya woga peke yake, basi ukisoma karatasi ya labo unaweza dhani ana diabeti, kumbe ni gunia.

Tuongee kaji basi.

Yenye mimi napenda ni ile ya plastiki ngumu, ya vipande viwili, unafungua vifungo vya pembeni na kifuniko chote kinatoka. Sababu yangu: paka mwoga simvuti. Natoa kifuniko, yeye anabaki amekaa kwenye nusu ya chini juu ya nguo yake, namsikiliza kifua, nachoma chanjo, narudisha kifuniko, kwisha. Zile zenye mlango mmoja tu wa mbele ndio watu wanazipindua na kuzitikisa ili paka adondoke, tafadhali musifanye hivyo. Kaji ya waya inapitisha hewa vizuri lakini paka anaona kila mbwa mwenye kukaa na boss wake kwenye benchi, kwa hiyo funika na kitenge. Saki za kitambaa zenye zipu ni nyepesi, kwa paka mtulivu sawa, ila mwenye hasira ataingiza ukucha kwenye zipu mpaka ifunguke, na utaanza kumtafuta pale kwa sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kati ya magari. Kartoni ikilowa mkojo chini inaachia. Gunia hapana, sitarudilia.

Ukubwa: asimame, ageuke, alale. Kubwa kupita hapo si faida, barabara zetu za mawe ya volkano zinarusha na paka atagongwa kila kona.

Kama pesa ya kaji haipo, nenda soko ya Virunga ununue vikapu viwili vya plastiki vyenye matundu, vile vya nguo chafu, vya kipimo kimoja. Pindua kimoja juu ya kingine, funga mdomo kwa mdomo na vile vifungo vya plastiki vya mafundi umeme, upande mmoja mrefu uwe bawaba na upande wa pili ufunge na kamba yenye unaweza kufungua haraka. Vichwa vya vifungo viangalie nje, visimchome. Haina sura nzuri lakini inafunguka juu, inapitisha hewa na inaoshwa, na mimi nampima ndani bila shida.

Sasa hapa ndipo wengi wanapotea: kaji inakaa depo na mavumbi, inatoka siku ya sindano tu. Paka si mjinga, akisikia sauti ya ule mlango ameshaingia chini ya kitanda. Weka kaji salon, wazi, siku zote, na ndani tia kanzu yako yenye haijafuliwa. Mpe sambaza (vile visamaki vya ziwa) kavu zisizo na chumvi mlangoni, kesho kidogo ndani, baadaye nyuma kabisa. Akizoea kulala humo, funga mlango dakika moja, fungua. Usiharakishe, wengine wanachukua wiki kadhaa.

Na hapa kwetu si mambo ya chanjo tu. Mukumbuke volkano Nyiragongo ilipolipuka, tarehe 22 mwezi wa 5 2021 jioni, halafu siku tano baadaye ile amri ya kuhama sehemu ya mji, ardhi bado inatikisika, watu mbio Sake, Gisenyi, wengine bato ya Bukavu. Siku kama hiyo hauna saa moja ya kumbembeleza paka. Paka akiogopa anakimbilia mahali anapojua, na kama mahali hapo ni kaji, wewe unafunga tu mlango unaondoka. Bandika kopi ya kadi ya chanjo na namba yako ya simu ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kifuniko.

Siku ya safari usimlishe kwa masaa machache kabla, ju wengi wanatapika njiani (watoto wadogo wao wale kidogo). Anayegoma, simamisha kaji mlango uangalie juu na umshushe matako kwanza, asione anaenda wapi. Paka mmoja, kaji moja, hata kama ni ndugu. Funika na kitenge, acha nafasi ya hewa. Beba kwa kushika chini na mikono miwili, ule mkono wa juu unafanya kaji iyumbe. Kwenye moto iwe juu ya mapaja yako, mlango uangalie kifua chako, kamwe usiifunge nyuma na mpira juani. Kwenye gari, chini, nyuma ya kiti cha mbele. Akianza kupumua mdomo wazi, simama, tafuta kivuli, na kama haiachi haraka pigia veterineri, paka hapumui hivyo kama mbwa.

Akikuuma wakati unamtia ndani, osha kidonda na maji na sabuni dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka pia anaibeba.

Mkirudi na nyumbani kuna paka mwingine, musishangae wakitishana, yule mgonjwa ananuka dawa zetu. Watenge mpaka harufu iishe. Kaji ioshe na sabuni ya kawaida, ianike, halafu irudi salon na sambaza ndani jioni hiyo hiyo.