Je, wajua kwa nini watu wa ughaibuni huumia haraka wakikosolewa kwenye magrupu yao?

Andika kwenye grupu la Waswahili wa Uingereza kwamba kazi ya kutunza wazee haina maisha, uone. Hujamtaja mtu. Lakini haipiti nusu saa, mmoja atakuuliza wewe umefanya nini cha maana, mwingine atakutumia sauti ya dakika nne, wa tatu atajitoa bila kuaga. Neno limesemwa juu ya kazi tu. Limemfikaje mtu kifuani?

Wengi watakujibu kwamba walioko nje wana kiburi. Mimi naona tuanze na gharama. Uingereza ilifungua viza kwa watunza wazee Februari 2022. Machi 2024 ikawazuia wanaoomba upya kwenda na mke, mume au watoto, na Julai 2025 ikaacha kabisa kuajiri watunza wazee wapya kutoka nje. Aliyeingia katikati ya vuta nikuvute hiyo huenda aliuza kiwanja, akamlipa wakala, watoto akamwachia bibi yao. Saa tano usiku, ndio kwanza anatoka shifti, anafungua simu na kusoma kwamba kazi yake haina maisha. Mwandishi alikuwa anasema habari za kazi. Msomaji anasikia: ulikosea kuuza kile kiwanja.

Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Elliot Aronson na Judson Mills, walilipima jambo linalofanana na hili kwa jaribio la kuchekesha kidogo. Waliwaita wanafunzi wa kike wajiunge na kikundi cha mazungumzo. Baadhi walipita bila masharti. Wengine walitakiwa kwanza kusoma kwa sauti maneno ya aibu mbele ya mtafiti. Baadaye wote wakasikilizishwa mazungumzo ya kikundi, ambayo yalikuwa yametengenezwa makusudi yachoshe. Waliopitishwa kwenye aibu kubwa ndio walioyasifia zaidi. Ukishalipa sana kuingia mahali, kukiri kwamba hapana maana kunauma kuliko kubishana na anayesema hivyo.

Halafu watu wa grupu moja hawako hatua moja. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyewahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, kabla ya Vita Kuu ya Pili, aliandika mwaka 1960 kuhusu hali zinazompata mgeni ugenini. Mwanzoni kila kitu kinapendeza. Kisha inakuja chuki: mgeni anawatafuta watu wa kwao ili wakae pamoja kuisema nchi iliyowapokea. Sasa waweke wote kwenye simu moja. Aliyetua mwezi uliopita anaposti picha ya theluji ya kwanza, na aliye kwenye majira yake ya pili ya baridi anamjibu "subiri uletewe bili ya hita". Mmoja anaona ameharibiwa furaha, mwenzake anaona amemsaidia ndugu afumbue macho. Wote wawili wanalala wamenuna.

Maandishi nayo yanachochea. Ana kwa ana, Mswahili hakukosoi hivi hivi. Ataanza na salamu, ataulizia watoto, atasema "samahani ndugu yangu, usinielewe vibaya", atacheka kidogo, ndipo atakuambia. Kwenye simu yote hayo yanaanguka, inabaki sentensi moja kavu. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti ambao watu walituma ujumbe kwa barua pepe, mwingine wa dhati na mwingine wa kejeli. Watumaji waliamini wasomaji wangetambua upi ni upi kwa asilimia 78. Walitambua kwa asilimia 56 tu, na hata aliyebahatisha tu angepata 50.

Utayaona hayo kwenye michango ya msiba. Mtu amefariki, mwili unatakiwa kusafirishwa nyumbani, mweka hazina anabandika orodha ya majina na tiki za kijani. Mmoja anaandika: "Hesabu haieleweki." Pengine alitaka tu kujua gharama za ndege zimeingia wapi. Mweka hazina, ambaye ameshinda siku mbili akipigia simu hospitali na ubalozi, anasoma: wewe mwizi. Na anasoma mbele ya watu. Tangu mwaka 2022 grupu moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, na humo wamo shemeji yake, mchungaji wake, na yule aliyemtafutia kazi. Dar es Salaam ukigombana na watu wa kijiwe kimoja unahamia cha pili. Kwenye mji mdogo wa Norway wenye familia chache za Kiswahili, kijiwe ni hicho hicho, tena ndicho kitakachokuzika. Skrinshoti nayo inafika Tanga kabla hujalala.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliona zito kuliko yote, nalo ni nani mwenye haki ya kusema. Matthew Hornsey na wenzake, huko Australia, walionyesha mwaka 2002 kwamba kundi hupokea lawama kwa utulivu zaidi zikitoka kwa mwenzao kuliko maneno yale yale yakitoka kwa mtu wa nje. Ughaibuni, ndani na nje havina mpaka ulionyooka. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya mwaka 2010; Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa kwao. Kwa hiyo Mtanzania mwenye pasi ya Uingereza akilalamikia foleni za Dar hajibiwi habari za foleni. Anaambiwa "wewe si mwenzetu tena". Na aliyeko nyumbani akiwakosoa walio nje anaambiwa ana wivu, naye anarudisha kwa kuwaita wabeba maboksi. Ukilitazama kwa makini, hapo hakuna aliyebishana juu ya foleni.

Maadmini wazoefu wanalijua hili bila kusoma utafiti wowote. Wanatuma mchanganuo wa michango kabla haujaulizwa, na ugomvi unapoanza wanawahamisha wahusika inboksi. Aliyetoa mchango wake mapema akiuliza pesa zimekwendaje, anajibiwa mstari kwa mstari. Ambaye hakutoa anaulizwa kwanza: "Wewe kwenye orodha ni namba ngapi?"