Umeshatoka kwenye ndoa, mbona hata kuchagua shuka kunakushinda?

Wadada wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha baada ya kutoka kwenye ndoa ya mateso huwa wana aibu kuliko machozi. Mmoja (amekubali nilisimulie hili) aliniambia, dada, miaka 11 naomba Mungu anitoe pale, sasa nimetoka, nimesimama dukani nusu saa nzima nimeshindwa kuchagua shuka nikarudi mikono mitupu, hivi nimekuwa mjinga? Nikamwambia huo si ujinga mama, ni ubongo uliokaa muda mrefu bila usemi.

Mwaka 1967 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walichapisha jaribio la mbwa, jaribio la kikatili kwa kweli hata kulisimulia sipendi. Mbwa wengine walipigwa shoti ya umeme ila walikuwa na kitu cha kubonyeza ikakatika, wengine walipigwa shoti ileile na hawana la kufanya. Baadaye wakawekwa kwenye boksi ambalo ukiruka kizuizi kifupi tu umepona. Wale wa kwanza wakaruka, ila wengi wa wale wengine walilala chini wakavumilia. Basi miaka na miaka tukafundishwa kwamba walijifunza kushindwa.

Lakini 2016 wawili haohao wakakiri kwamba waliielewa kinyume. Kulegea ndio hali ya asili ya ubongo ukibanwa na mateso marefu, haifundishwi na mtu. Kinachofundishwa ni kuona kwamba nikifanya hiki, kile kinabadilika, na sehemu ya mbele ya ubongo ikishaona hivyo inatuliza ile ya chini inayokufanya uzubae.

Ndio maana mimi simwambii mtu "jiamini", neno hilo halimsaidii kitu. Namwambia leo amua jambo moja dogo ambalo matokeo yake utayaona leoleo. Badilisha paswedi za simu na imeili, angalia kama namba ya simu ya huyo mume uliyemwacha bado ndiyo inayopokea namba za siri za kufungulia akaunti zako (wengi wanasahau hii kabisa), fungua akaunti ya benki ya jina lako peke yako hata kama cha kuweka ni kidogo, halafu andika kwenye daftari: nimeamua hivi, imekuwa hivi. Ila kama alikuwa anakupiga au anakufuatilia, usifanye hayo peke yako, tafuta kwanza mtu anayejua mambo ya usalama, maana kipindi cha kuondoka na miezi inayofuata ndipo hatari huwa kubwa zaidi.

Na ndugu jamani, nawaomba. Najua mnampenda, lakini kaka akimchagulia nyumba, mama akampangia pesa, shangazi akaamua watoto wasome wapi, huyo mtu ametoka kwa msemaji mmoja ameingia kwa watatu. Muulizeni anataka nini halafu msubiri, hata akinyamaza muda mrefu, subirini.

Na mimi pia najichunga, akiniuliza nifanyeje dada namrudishia swali. Yule wa shuka wiki iliyopita nilimpangia Jumanne, akanijibu Jumanne siwezi, tuonane Alhamisi. Nilifurahi mno, nikaandika Alhamisi.