Mwalimu Mgeni Nunavut: Mtoto Akikaa Kimya, Mtazame Nyusi

Kila mwaka wa shule unapokaribia, walimu wapya hushuka kwenye ndege ndogo katika vijiji vya Nunavut, kaskazini mwa Kanada. Nunavut ina vijiji na miji midogo 25, na hakuna barabara inayoiunganisha. Mizigo mikubwa huja kwa meli majira ya joto, bahari inapoachiwa na barafu. Walimu wengi hutoka kusini, na wengi hawakai sana. Mgeni ni kuku mweupe: kijiji kizima kinajua amefika kabla hajafungua begi.

Kosa la kwanza huja upesi. Mwalimu anamuuliza mtoto wa Kiinuit, yaani wa jamii ya wenyeji wa asili wa huko, "Umemaliza?" Mtoto anamtazama, kimya. Anauliza tena, safari hii kwa sauti ya juu. Mtoto anainamisha kichwa. Kumbe alishajibu mara ya kwanza: aliinua nyusi. Kwa Wainuit, kuinua nyusi ni ndiyo, na kukunja pua ni hapana. Asiyeelezwa hilo atamwona mtoto jeuri au mzito wa kuelewa. Linaniuma, maana dawa yake ni maelezo ya dakika tano tu.

Kisha kuna majina. Mtoto wa Kiinuit mara nyingi hupewa jina la marehemu, na undugu hufuata jina. Mzee wa miaka 70 anaweza kumwita binti wa miaka 7 "mama", kwa kuwa ni wajina wa mama yake. Sisi tunaowapa watoto majina ya babu na bibi zao tunalielewa hilo bila kufafanuliwa. Basi mwalimu asilikate jina kwa kuwa linamtatiza ulimi. Kuanzia miaka ya 1940, serikali ya Kanada iliwagawia Wainuit visahani vya utambulisho vyenye namba kwa sababu maofisa walishindwa na majina yao, na mtindo huo ulidumu hadi miaka ya 1970. Wazee waliotambuliwa kwa namba hizo bado wapo.

Wapo pia waliopelekwa shule za bweni wakiwa wadogo, wakaadhibiwa kwa kusema lugha yao, Kiinuktitut. Waziri mkuu wa Kanada aliomba radhi bungeni kwa ajili ya shule hizo tarehe 11 Juni 2008, lakini mlango wa shule bado ni mzito kwa baadhi yao. Bibi asipokuja kikao cha wazazi, usiseme hajali elimu. Nenda kwake. Pengine utakuta nyama imewekwa sakafuni juu ya boksi lililokunjuliwa, watu wamekaa kuizunguka, na mama anaikata kwa ulu, kisu chenye umbo la mwezi mchanga. Ukikaribishwa, kaa ule.

Wakuu wa shule nao wasiijaze wiki ya kwanza fomu na vikao. Mwalimu mpya akabidhiwe kwa mwenzake mwenyeji, wapite nyumba kwa nyumba, ajifunze kutamka majina yote ya darasa lake kabla kengele haijalia.