Kujifungua ni bure, boda ya saa nane usiku si bure

Nikisema kwenye mikutano kwamba kujifungua hospitali za serikali Uganda ni bure, akina mama wananiangalia tu, hawajibu. Mimi ni mkunga hapa Busia, nimekaa leba miaka mingi kabla sijahamia kazi ya takwimu za uzazi, na hiyo bure naijua. Ada zilifutwa 2001, kweli kabisa, maskini wakaanza kuja vituoni kwa wingi, na sitaki mtu aseme haikusaidia. Ila kilichofutwa ni pesa ya mlangoni. Pesa ya kufika huo mlango hakuna aliyeigusa, na wodi za kulipia ndani ya hospitali hizo hizo za serikali ziliachwa ziendelee kutoza.

Chukua mama ana mimba ya tano, uchungu umemshika saa nane usiku huko kijijini. Boda ya mchana ni shilingi elfu tano, usiku na mvua hii jamaa anataka elfu ishirini na anaitaka mkononi kabla hajawasha, sasa pesa iko kwa mume, mume yuko Majanji kwenye samaki na simu haishiki, mama mkwe anasema tungoje kuche. Kukicha wanafika kituo cha daraja la 3, mkunga yupo lakini upasuaji haufanyiki hapo, inabidi daraja la 4, na huko saa zingine unakuta thieta ipo, mtu wa nusukaputi hayupo. Au damu imeisha. Au ambulensi imepaki, mafuta hamna. Mwenzake wa mjini mwenye kipato alipiga simu tu gari ikaja, skani alishafanya, grupu ya damu yake inajulikana, na vifaa vyote vya kujifungulia amenunua mwenyewe mapema, hangoji kama Mama Kit ya serikali ipo stoo au imeisha.

Watafiti Thaddeus na Maine waliandika mwaka 1994 kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama wazazi: kuamua kwenda, kufika, na kuhudumiwa ukishafika. Bado tunaufundisha hivyo hivyo. Mimi naongeza kwamba kila kimoja kina bei yake, na maskini anadaiwa zote tatu usiku mmoja. Ndo maana naumia sana nikisoma ripoti imeandika “uelewa mdogo wa jamii”. Yule mama mkwe anaelewa vizuri, amezika. Anangoja kuche kwa sababu hana elfu ishirini, na kutokwa damu baada ya kuzaa kunaweza kumaliza mama mzima kabisa ndani ya saa mbili.

Kuna maendeleo, niseme ukweli. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulitoa vifo vya akina mama wazazi 336 kwa kila watoto hai 100,000 wanaozaliwa, ule wa 2022 ukatoa 189, na siku niliposoma hiyo namba nilikaa chini nikamshukuru Mungu. Lakini hiyo ni wastani, ndani yake kuna Kampala na kuna Karamoja, kule kaskazini mashariki kwenye umaskini mkubwa, na kuna visiwa vya Buvuma huko Ziwa Victoria ambako mgonjwa anangoja boti na upepo.

Kuna kesi ya akina mama wawili waliofariki wakati wa kujifungua kwenye hospitali za serikali, mmoja Mityana mmoja Arua, ilipelekwa Mahakama ya Katiba 2011, hukumu ikatoka Agosti 2020: serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba. Miaka tisa!

Dawa yake inajulikana. Kule magharibi, Kabarole, Kyenjojo na wilaya jirani, kulikuwa na mradi mkubwa 2012 hadi 2017, wakagawa vocha za usafiri, mtu wa boda anamleta mama kwanza halafu analipwa, na wakati huo huo vituo vinaboreshwa ili akifika akute huduma. Vyote viwili pamoja, maana vocha peke yake inampeleka tu mama kwenye thieta iliyofungwa. Sasa mimi naomba vocha ziwe na mstari wake kwenye bajeti ya kila wilaya, zisingoje mfadhili, na zianze na vijiji ambavyo boda ya usiku inazidi elfu kumi.