Je, wajua kwa nini bahari hujaa mara mbili kwa siku ilhali mwezi hupita juu yetu mara moja tu?

Mwanafunzi wa sekondari aliyekulia pwani huingia katika kipindi cha jiografia akiwa tayari na maarifa ambayo hakuyapata kitabuni: anajua kwamba maji hujaa na kupwa, anajua kwamba ngalawa ikitiwa nanga mahali pasipofaa itapwelewa, na huenda amewasikia wazee wakihesabu siku za mwezi ili wajue bamvua, yaani maji makubwa, litaingia lini. Neno pwani lenyewe limetokana na kitenzi kupwa, yaani ni mahali yanapopwa maji. Siku moja kitabu kinamweleza kwamba kinachovuta maji hayo ni mwezi, na hapo swali linamjia: ikiwa mwezi hupita juu yetu mara moja kwa siku, mbona maji hujaa mara mbili? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na jibu linalotolewa darasani mara nyingi, ingawa si la uongo, ni nusu tu ya jibu.

Kabla ya kulijibu, inafaa kupima. Kazi hiyo haihitaji maabara, kwa kuwa fito iliyotiwa alama kila baada ya sentimita 10 na kufungwa kwenye nguzo ya gati, pamoja na saa na daftari, vinatosha kabisa. Mwanafunzi akisoma kina cha maji kila saa kwa muda wa wiki mbili, kisha akachora grafu, ataona mambo ambayo macho matupu hayayaoni kwa urahisi. Kwanza, kutoka kilele kimoja cha maji hadi kingine hupita takribani saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi nao huchelewa hivyo hivyo, kwani wakati dunia inajizungusha mara moja mwezi huwa umesogea mbele katika njia yake, na dunia hulazimika kuongeza dakika 50 ili iufikie tena. Ulinganifu huu si wa bahati, na ndio ushahidi wa kwanza kwamba mwezi unahusika. Pili, vilele viwili vya siku moja katika pwani yetu vinakaribiana sana kwa kimo, kana kwamba kuna miezi miwili, mmoja juu na mwingine chini ya nyayo zetu.

Tuuchukue huo mwezi wa pili ambao haupo. Nguvu ya mvutano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, na mwezi, ulio umbali wa wastani wa kilomita 384,400, huuvuta upande wa dunia ulioelekea kwake kwa takribani asilimia 7 zaidi ya unavyouvuta upande wa pili. Fikiria ngalawa tatu zilizopangana katika mstari mmoja, zikichukuliwa na mkondo ambao ni mkali mbele na mpole nyuma. Ya mbele itakwenda kasi, ya katikati itakwenda kiasi, na ya nyuma itasalia. Nahodha wa ngalawa ya katikati akitazama ataona nyingine zote mbili zikimwacha, moja kwa mbele na moja kwa nyuma, ingawa zote tatu zinakwenda upande mmoja. Ngalawa ya katikati ndiyo kiini cha dunia, na hizo mbili ni maji ya pande zake mbili. Kwa hiyo maji ya upande wa mbali hayasukumwi na kitu chochote; yamevutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, basi yakaachwa nyuma. Dunia ikizunguka, kila mahali hupita katika maeneo hayo mawili yaliyonyanyuka.

Watu wengi hudhani kwamba mwezi huyanyanyua maji kama mtu anyanyuavyo ndoo kisimani. Nguvu hiyo haitoshi hata kidogo, kwani haifiki sehemu moja kwa milioni nane ya uzito wa kitu. Mtu wa kilo 60 mwezi ukiwa utosini mwake hupungukiwa kwa namna hiyo na uzito wa miligramu zisizofika 10. Kinachofanya kazi kwa kweli ni mvuto wa ubavuni: mwezi huyatelezesha maji ya bahari pana kuelekea upande mmoja, kidogo kidogo lakini kwa pamoja, kwa maelfu ya kilomita. Ndiyo maana beseni la maji uani halijai wala halipwi.

Jua nalo lina sehemu yake, na hapa pana jambo la kushangaza. Jua huivuta dunia kwa nguvu inayozidi ya mwezi kwa karibu mara 180, lakini uwezo wake wa kuyajaza maji haufiki hata nusu ya ule wa mwezi. Sababu ni kwamba kinachohesabika si nguvu yenyewe bali tofauti ya nguvu kati ya upande mmoja wa dunia na mwingine, na tofauti hiyo hupungua kwa kadiri ya umbali uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Jua lina uzito wa takribani miezi milioni 27, lakini liko mbali mara 390 hivi, na 390 ikizidishwa hivyo inafika karibu milioni 59. Gawanya, utapata kidogo chini ya nusu.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi hukaa katika mstari mmoja na dunia, nguvu zao zikajumlika, na hilo ndilo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo katika pwani ya Kenya na Tanzania hufika mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwa upande wake na mwezi kwa wake, tofauti ikapungua hadi mita moja hivi, nayo ndiyo maji mafu. Kwa kawaida bamvua kubwa kabisa hutokea siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, wala si siku yenyewe.

Kuchelewa huko kwatosha kumtia mwanafunzi mashaka, na mashaka yake ni ya haki. Siku ya mwezi kuandama, mwezi na jua hupita juu pamoja saa sita mchana. Kwa maelezo ya hapo juu, maji yangepaswa kujaa saa sita mchana na saa sita usiku. Fito yake inasema vingine: katika Unguja na Mombasa siku hiyo maji hujaa karibu na saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na kupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Si kosa la fito. Wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani, kilimo kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, huteremka kwenye vitalu vyao asubuhi za bamvua kwa sababu hiyo hiyo, na wavuvi wa pweza nao huifuata miamba iliyoachwa wazi na maji katika saa hizo.

Maelezo ya nguvu ni sahihi, nayo yalitolewa na Isaac Newton mwaka 1687. Kilichokosekana ni maji yenyewe. Ili maeneo yaliyonyanyuka yabaki chini ya mwezi, yangelazimika kukimbia kwenye ikweta kwa takribani kilomita 1,600 kwa saa, ilhali wimbi refu katika bahari yenye kina cha mita 4,000 haliwezi kupita kilomita 700 na ushei kwa saa. Tena Afrika, Asia na Amerika zimekaa njiani. Mfaransa Pierre-Simon Laplace, katika miaka ya 1770, ndiye aliyeonyesha kwamba bahari haiufuati mwezi kwa utiifu, bali huyumbayumba kama maji ndani ya ndoo iliyobebwa kichwani: mwendo wa mbebaji ndio unaoyatikisa, lakini upana na kina cha ndoo ndivyo vinavyoamua yatapanda wapi na lini. Kila bahari ina myumbo wake. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi hupanda na kushuka karibu kwa pamoja, na ndiyo sababu saa za kujaa maji Lamu na Mtwara hazipishani sana, ingawa kati yake pana mamia ya kilomita. Ghuba ya Fundy nchini Kanada ina urefu na kina vinavyoafikiana mno na mapigo ya bahari, hata maji yake hupanda kufikia mita 16, wakati Mediterania, iliyofungwa na mlango mwembamba wa Gibraltar, sehemu zake nyingi hazipati hata nusu mita.

Kwa hiyo kuchelewa kwa saa nne ni tabia ya bahari yetu, na kwa kuwa haibadiliki sana, inaweza kupimwa mara moja na kutumiwa miaka mingi. Majedwali ya maji yanayotumiwa bandarini hutengenezwa hivyo: vipimo vya mahali husika huchambuliwa, kila mdundo wa mwezi na wa jua ukapewa kimo chake na ucheleweshaji wake, kisha yote yakajumlishwa. Mwanafunzi mwenye daftari la mwezi mzima anaweza kukisia bamvua lijalo kwa kosa la dakika chache. Vimo ndivyo vitakavyomsumbua, kwa sababu upepo wa kusi ukisukuma maji, au kanieneo ya hewa ikishuka, bahari huinuka juu ya hesabu: kila milibari moja inayopungua huongeza takribani sentimita moja kwenye fito yake.